Nani Amemlipia Selestini?

Kitanda kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo tulipomwacha Juliana wiki iliyopita, msomaji. Amesimama katikati ya wodi ya wanaume, hospitali ya misheni ya Lugema, fedha za mabati aliyoyauza zimefungwa kwenye pindo la khanga. Mbele yake godoro la mumewe limekunjwa. Shuka hakuna. Kikombe chake hakuna.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani.

Juliana hakupiga kelele. Aliketi kwenye nyaya za kitanda, akaweka mikono mapajani, akangoja mtu aje amwambie. Tangu siku walipoyashusha mabati kutoka kwenye nyumba yake kule Igowole, kitu ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi. Macho yalikuwa yanaona. Masikio yalikuwa yanasikia. Basi.

"Mama Roza! Umefika lini?"

Alikuwa nesi Atuganile, yule Mnyakyusa mwenye sauti kubwa kuliko wodi yenyewe.

"Amekufa saa ngapi?" Juliana aliuliza.

"Nani amekufa?"

"Baba Roza."

"Mumeo hajafa! Ameondoka juzi."

"Ameondokaje? Si mlisema hatoki mtu mpaka alipe?"

"Amelipiwa."

Juliana alimtazama. Neno lile aliliona kama mtu anavyoliona gari likipita barabarani, halimhusu.

Selestini, mumewe, alikuwa mpasua mbao. Gogo lilimponyoka mwenzake likamvunja yeye mguu, akaletwa Lugema kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Akalala pale mavuno yakaja, yakapita. Kila mara Juliana alipokwenda na fedha, hesabu ilikuwa imekwenda mbele yake. Akauza nguruwe. Akauza baiskeli. Mwisho akauza mabati, yale yale waliyohama nayo vichwani miaka miwili nyuma, walipohamishiwa kijijini.

Na sasa mtu mwingine amelipa.

"Nani amemlipia?"

"Mzee Bujiku. Yule Msukuma wa Usangu."

"Simjui."

"Kijana wake Shija alilazwa kitanda hiki cha pili, alichomwa pembe ya tumbo na fahali. Mzee alipokuja kumtoa mwanawe akalipia vitanda vyote viwili. Wakaondoka na mumeo."

"Kwa nini alipe?"

"Mama, mtu akija hapa na fedha hatumuulizi kwa nini."

Atuganile akakaa kando yake. Sauti ikashuka.

"Lakini ninyi mbona hamkuja ofisini tangu mwanzo? Karani Ezekia yuko pale kila siku. Mngemwambia hali yenu. Wako wanaolipa kidogo kidogo. Wengine wanaleta maharage ya jikoni. Mwenye barua ya balozi wake wa nyumba kumi anapunguziwa."

"Hatukuambiwa."

"Hamkuuliza."

Kisha nesi akasema, "Na sisi hatukusema. Ni kweli."

"Nimeuza mabati," Juliana alisema.

Atuganile alishika vidole vya Juliana.

"Mama Roza, kuhusu mguu wa mumeo…"

"Mguu umefanya nini?"

"Hapana. Nenda. Atakwambia mwenyewe."

*

Kesho yake Juliana alipanda basi la kwenda Mbeya, akashuka Igawa. Hapo akauliza njia ya kwa Bujiku. Akaelekezwa kwenye tambarare, akafuata nyayo za ng'ombe.

Joto la Usangu si la Igowole. Juliana alivua sweta, akalifunga kiunoni. Hakufikiria kitu. Aliogopa akianza kufikiria miguu itasimama.

Boma la Bujiku lilikuwa kubwa, limezungushiwa miiba. Mwanamke mrefu alikuwa anatwanga. Alimwona Juliana, akaacha mchi, akaelekeza kwa kidevu bila kuulizwa.

Selestini alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, chini ya ukingo wa paa la nyasi. Jua lote lile, naye amejifunika blanketi miguuni.

"Kamwene, mama Roza."

"Kamwene. Hujambo?"

"Sijambo."

Juliana alipiga magoti, akalifunua lile blanketi.

Wa kulia ulikuwepo. Wa kushoto uliishia gotini, umefungwa kitambaa cheupe, kisafi.

Mke na mume walikaa wanakitazama kile kitambaa kama kitu cha mtu mwingine walichoachiwa wakilinde.

"Uko wapi?" Juliana aliuliza.

"Wameuzika kule kule Lugema. Wana mahali pao."

"Nani alikubali?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Selestini alivuta blanketi akajifunika tena.

"Daktari alisema njia ziko mbili. Ya kwanza, nilale pale miezi mingine. Wausafishe, waufunge, wausafishe tena, labda utapona. Ya pili, wakate, kidonda kikauke, nirudi nyumbani. Nikamuuliza ipi ina hesabu ndogo. Akasema hilo nisilifikirie, nifikirie mguu."

"Wewe ukafikiria hesabu."

"Ningefikiria nini?"

"Ungenitumia mtu aniambie."

"Akwambie uuze nini, mama Roza? Kulikuwa kumebaki nini?"

"Mabati," alisema. "Nimeyauza. Fedha ya miezi yako hii hapa."

Selestini alifumba macho. Nzi alitua kwenye blanketi, akatembea, akaruka. Juliana alijua kwamba hapo ndipo mke hulia. Alingoja machozi yaje. Hayakuja. Akalikunjia blanketi ndani pembeni, kama anavyomfunika mtoto.

"Roza anajua?"

"Anajua. Siku ile uliyomtuma aniletee unga, walikuwa wanabadilisha bandeji. Alinishika mkono mpaka wakamaliza. Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie."

Juliana akakumbuka. Binti yake alirudi kutoka Lugema jioni ile, akasema baba hajambo, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Na mitungi yote ilikuwa imejaa.

*

"Karibu, mkwe! Karibu sana!"

Bujiku alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia ya sufu na fimbo. Alimpa Juliana mikono yote miwili. Juliana alilisikia lile neno *mkwe* akaliacha lipite. Msukuma huyu, alijiambia, Kiswahili chake ni cha ng'ombeni.

Alifungua pindo la khanga.

"Mzee, ahsante. Sina maneno. Hii ni fedha ya kitanda cha baba Roza. Tafadhali ihesabu."

Bujiku alirudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Ya nini hii? Ng'ombe wa mahari anarudishwa? Mimi na ninyi hatudaiani. Sisi ni wakwe!"

Mchi wa yule mwanamke ulisimama hewani.

"Wakwe kwa nani?" Juliana aliuliza.

"Kwa Roza na Shija wangu. Ng'ombe wa kwanza nimemuuza mnadani, nikalipa hospitali. Waliobaki watatembea baada ya mvua. Si ndivyo, Selestini?"

Selestini alikuwa anatazama ardhi.

"Si ndivyo, Selestini?" Mzee akarudia, na safari hii sauti haikuwa ya kucheka.

"Baba Roza," Juliana alisema polepole. "Umemfanya nini mtoto?"

"Shija alimwona siku ile alipoleta unga. Ni kijana mzuri, mama Roza. Wana maziwa hapa. Hatalala njaa."

"Ana miaka kumi na sita."

"Mama yangu aliolewa na…"

"Ulimwuliza?"

Selestini alinyonyoa manyoya ya ile ngozi.

"Ulimwuliza Roza?"

"Nilikuwa nataka kutoka!" Selestini alipaza sauti, na ndiyo mara ya kwanza mtu kupaza sauti siku ile. "Wewe hukulala pale. Kila nikiamka najua nimeongeza siku. Nikila uji najua nimeongeza. Nikimeza kidonge najua. Wameshaukata mguu na bado siruhusiwi kutoka! Akaja mtu akasema nitakulipia. Ningesema nini?"

Lakini aliyemjibu si mkewe. Alikuwa Bujiku.

"Uliniambia mama yake amekubali. Uliniambia mbele ya mwanangu. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Uliniuliza, mzee."

"Umenifanya mimi mtu wa kununua watoto hospitalini. Mimi!"

Alipiga fimbo chini. Kuku wakatawanyika.

Juliana alitandika khanga ardhini, akaziweka noti juu yake na kuziwekea kijiwe zisipeperuke. Alifanya hivyo bila haraka, kama anaanika mahindi.

"Hesabu, mzee."

Bujiku aliinama akahesabu. Akahesabu tena. Akasugua shingo.

"Mama, mimi sitaki kusema. Lakini haifikii."

"Najua."

Hakujua. Alikuwa amedhani inatosha na inabaki. Ndipo maneno ya Atuganile yalipomjia, na akayasema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Iliyobaki nitalipa kidogo kidogo. Nikivuna maharage nitaleta, nikivuna mahindi nitaleta. Ukitaka twende kwa balozi wako nikaseme mbele yake. Utanidai mimi, mzee. Humdai Roza."

Bujiku alimtazama mwanamke huyu asiyelia, asiyepepesa jicho. Akamwita yule mwanamke mrefu. Alikuwa Kashindye, mkewe, mama yake Shija.

"Njoo ushuhudie. Nimepokea. Posa imekufa."

Kashindye hakusogea. Alisema maneno machache kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, na uso wa mzee ukabadilika.

"Anasema nini?" Juliana aliuliza.

Bujiku aligeuka akatazama njia ya kwenda barabarani.

"Anasema nini?"

"Shija ameondoka leo alfajiri," Bujiku alisema. "Yeye na binamu yake. Wamekwenda Igowole kumchukua bibi harusi. Wewe ulipokuwa unakuja, wao walikuwa wanakwenda."

*

"Nyumba wataijuaje?" Juliana alimwuliza mumewe.

"Niliwaelekeza."

"Uliwaambiaje?"

"Nyumba ya mabati, ya tatu kutoka kisimani."

Msomaji, kwa kitambo kidogo Juliana karibu acheke. Nyumba ya mabati! Ya tatu kutoka kisimani haina hata bati moja, imefunikwa maturubai ya kuazima na majani ya migomba.

"Basi hawataiona," alisema.

"Wataulizia," Kashindye alisema kwa Kiswahili.

Usiku ule hakukuwa na gari. Alfajiri Kashindye alikuwa tayari, amejifunga shuka, kibuyu cha maziwa begani.

"Twende wote. Shija ananisikia mimi. Baba yake hamsikii."

"Na mimi?" Selestini aliuliza kutoka kwenye ngozi yake.

Juliana alisimama mlangoni mwa boma. Alimtazama mtu aliyezaa naye, aliyekubali kukatwa mguu ili hesabu isizidi, akamtoa mtoto ili atoke. Alitafuta moyoni hasira, akatafuta huruma. Zote zilikuwa mahali fulani ambapo mkono haukufika.

"Wewe kaa mpaka kidonda kikauke. Mzee, chakula chake nacho ukiandike kwangu."

"Siandiki chakula cha mgonjwa," Bujiku alisema. "Huyo nimemkasirikia, lakini atakula."

*

Walipata lori la mpunga linalokwenda Iringa. Walikaa juu ya magunia, upepo wa barabara unawapiga.

Kashindye alimnywesha maziwa kama mgonjwa. Baadaye akasema, "Shija aliposhonwa tumbo, nililala chini ya kitanda chake. Mumeo alikuwa ananiachia nusu ya uji."

"Hakuniambia."

"Haongei sana."

"Mlipataje fedha ya hospitali ya Shija?"

"Maboma yote yalitoa. Mmoja ndama, mwingine mbuzi. Akiugua wa kwao, sisi tunatoa. Kwenu nani anachanga?"

Juliana alifikiri. Majirani walikuja kumpa pole, kweli. Walikuja pia kumsaidia kushusha mabati.

"Kwetu kila mtu na paa lake."

"Mkianza, anzeni wakati wote wazima," Kashindye alisema. "Mtu akishalala kitandani, wengine wanaogopa. Kila mtu anaona ni hela ya kutupa shimoni. Ukiwa mzima hujui itakuwa zamu ya nani, unatoa."

Juliana alilirudia lile neno kichwani mpaka Makambako. Wanawake wa kisimani. Debe moja la maharage kila mmoja, kila mavuno, liwekwe pamoja, lisiguswe. Ni jambo la kwanza alilolipangia siku za mbele tangu gogo lile lianguke. Lugema ikapita upande wa kushoto, na mapaa yake mekundu. Hakugeuka.

Mafinga waliteremka kutafuta gari la Igowole. Pale stendi Ikupa, muuza chai, alikuwa anachochea moto wake. Ikupa anamfahamu kila mtu anayetoka upande ule wa Mufindi, na shughuli zake.

"Mama Roza! Mbona umechoka hivyo? Kaa."

"Sikai. Gari la Igowole limeondoka?"

"Bado. Unakwenda kufanya nini Igowole, na binti yako amepita hapa leo asubuhi?"

Juliana alishika kona ya meza.

"Roza?"

"Roza. Na vijana wawili wa Kisukuma. Mmoja anatembea ameshika tumbo hivi."

"Shija," Kashindye alisema.

"Wamempandisha basi la Mbeya?" Juliana aliuliza. "Tumepishana nao?"

"La Mbeya? Hapana. La Iringa. Wamekata tiketi ya Ipogolo."

Kashindye akamgeukia Juliana. "Ipogolo kuna nani?"

"Hakuna mtu. Hatuna mtu Ipogolo. Kwenu?"

"Kwetu hakuna hata anayepajua."

Basi la Iringa lilikuwa linaunguruma upande wa pili wa stendi, utingo anagonga ubavu wake akiita abiria. La Igowole nalo lilianza kujaa. Juliana alisimama katikati.

"Ikupa, niambie vizuri. Walikuwa wamemshika mkono? Alikuwa analia?"

Ikupa alifuta glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Alie kwa lipi? Yeye ndiye alikuwa mbele, wale vijana wanamfuata nyuma kama ndama. Na nauli ya wote watatu ametoa yeye, mama Roza. Noti mpya. Mimi nilidhani umempa wewe."

Itaendelea wiki ijayo.